Mtaa wako una watu wangapi? Kwanza niambie unaishia wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini mtaa wenu mdogo wa pembezoni mwa mji una idadi tatu tofauti: sensa inasema 2,400, uongozi wa mtaa unasema 3,100, na ramani ya mtandaoni inakupa karibu 4,000. Ukataka kujua nani muongo. Huenda hakuna muongo hapo. Kila mmoja kahesabu mtaa wake.

Niliwahi kuwa karani wa sensa kwenye mtaa wa aina hiyo, juu barabara, chini bonde. Nilikabidhiwa ramani ya eneo la kuhesabia watu, na mpaka wangu wa mashariki ulichorwa kufuata mfereji. Siku ya kwanza tukazunguka na msimamizi wangu kuutafuta huo mfereji, hola. Kumbe watu walishaufukia zamani wakajenga juu yake, na maji yakajitafutia njia nyingine. Nyumba moja ilikuwa imekaa juu ya mpaka kabisa. Mwenye nyumba, mzee mmoja mcheshi, akatuangalia tunavyogeuzageuza ramani, akasema: "Wanangu, mimi nalala upande huu, jiko langu liko upande ule. Mtanihesabu nusu nusu?" Msimamizi akaamua tufuate mlango wa mbele. Watu saba wakaingia kwangu kwa sababu ya mlango. Ukiwa na eneo la watu laki moja, saba si kitu. Kwenye mtaa mdogo, nyumba kumi za namna hiyo zinakubadilishia takwimu.

Kwa hiyo kabla hujagombana na idadi, omba mpaka. Mara nyingi "mtaa" wa kiutawala, mtaa wanaoujua wakazi na mtaa wa kwenye ramani ya simu ni vitu vitatu. Wakazi huhesabu mpaka pale wanapojuana, na wakati mwingine wanaotamba kwa jina la mtaa wenu wako ng'ambo ya mpaka.

Halafu uliza wamehesabu watu gani. Zipo nchi zinazohesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, hata kama ni mgeni wa siku mbili. Nyingine zinamhesabu mtu kwenye makazi yake ya kawaida, hata kama usiku huo hakuwepo. Mtaa wenye hosteli au wenye vijana wengi wanaofanya kazi mbali unaweza kupata idadi mbili tofauti, na zote ni halali. Daftari la uongozi nalo lina ugonjwa wake: anayehamia huandikwa, anayehama hakumbuki kuaga. Nadhani 3,100 yenu imetokea hapo.

Ile ya mtandaoni usiipe uzito sana. Ramani nyingi za namna hiyo huchukua idadi ya sensa ya eneo kubwa na kuigawa kwenye vimraba, vingine vya kama mita 100 kwa 100, kwa kuangalia paa, taa za usiku na barabara. Kwa wilaya nzima zinasaidia. Kwa mtaa wenu, ghala kubwa linaweza kuhesabiwa kana kwamba limejaa watu.

Sasa jiografia, maana naona watu wengi wanaipita. Tuseme mtaa una hekta 40 na watu 2,400. Hiyo ni watu 6,000 kwa kilomita moja ya mraba, inaonekana pana tu. Lakini toa hekta 15 za bonde na miteremko isiyojengeka, wamebaki kwenye hekta 25: watu 9,600 kwa kilomita ya mraba. Na hata hao hawajatawanyika sawasawa. Kwenye eneo langu, kule juu nilikuwa nabisha hodi kwenye geti, nasubiri, nakuta watu watatu kwenye nyumba ya vyumba vitano. Kule chini, ua mmoja wenye vyumba kumi na viwili ulinila asubuhi nzima, kila mlango kaya yake. Mwinuko hauzidi mita ishirini, ila ndio uliopanga nani akae wapi. Wastani wa mtaa mzima haukumwelezea mtu yeyote niliyemhoji.

Ukitaka kupima mwinuko kwa data za bure za setilaiti, kuwa makini. Zile maarufu zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000 zina nukta moja kwa kila mita 30 hivi, na rada yake ilisoma mapaa na vilele vya miti pamoja na ardhi. Kwa mtaa wenu, panda na ushuke kwa miguu baada ya mvua. Maji yatakuonyesha.

Kuna mchangiaji mwingine aliyekujibu kwamba nyumba za mtaa wenu hazijaongezeka, basi na idadi ya watu haijabadilika. Hapana. Levittown ya jimbo la New York ilijengwa kati ya 1947 na 1951, nyumba zaidi ya 17,000, ikajaa wazazi vijana na watoto. Mwaka 1960 ilikuwa na watu zaidi ya 65,000. Sensa ya 2020 ikakuta kama 52,000. Hazikubomolewa nyumba. Watoto walikua wakaondoka, wazazi wakabaki, na kaya zikapungua ukubwa.

Ningekuwa wewe ningetembea na simu nikirekodi mpaka, nihesabu milango ya kaya (milango, si mapaa), kisha nibishe hodi kwenye kaya 40, ishirini za juu na ishirini za bondeni, niulize walilala wangapi jana. Tafuta wastani wa juu peke yake na wa chini peke yake, zidisha kila mmoja kwa idadi ya milango ya upande wake, ndipo ujumlishe. Nenda jioni. Mimi nilianza saa nne asubuhi, nusu ya mtaa ilikuwa kazini, na ikabidi nirudie milango ileile siku tatu.