Mliopewa mada ya mvutano (graviti) wa vipimo 3, njooni kwanza

Wadogo zangu wa uzamili, juzi nilikuwa nyuma ya chumba cha semina mmoja wenu akiandika ubaoni potenshali ya logi (inayokua kama logarithimu ya umbali), eti ndio mvutano wa vipimo 2 vya nafasi na 1 cha wakati. Jamani, kila mwaka!

1. Hesabu komponenti za tensa ya Riemann, ile inayobeba mpindo wote, kabla ya lolote: n²(n²−1)/12, n ikiwa idadi ya vipimo. Kwa vipimo 4 Riemann ana 20, kwa 3 ana 6, na Ricci, tensa ya mpindo iliyomo kwenye milinganyo ya Einstein, pia ana 6. Kwa hiyo Riemann yote imo ndani ya Ricci. Kwenye utupu usio na konstanti ya kosmolojia (ile Λ ya milinganyo ya Einstein), mpindo ni sifuri. Mawimbi ya mvutano msiyatafute.

2. Sasa hiyo logi. Hapa nina kidonda. Nilichukua sheria ya Gauss, nikapunguza kipimo kimoja, nikapata nguvu ya 1/r, nikaijengea sura nzima ya tasnifu, sayari zikizunguka kwenye michoro ya rangi. Rangi, jamani, nililipia mwenyewe. Msimamizi alisoma ukurasa mmoja tu akauliza, "Hii umeitoa kwa Einstein au umeota?" Nilikuwa nimeota. Ukianza na milinganyo ya Einstein kwenye uga dhaifu, chanzo cha potenshali huja na kizidishi n−3. Weka n=3 uone Newton anavyotoweka. Sura ikaenda na maji.

Tungamo tuli halimvuti jirani. Linakata kwenye nafasi kipande cha pembe ya 8πGm (m ni tungamo, G konstanti ya mvutano, c=1), nafasi ikabaki kama koni, kama walivyoonyesha Deser, Jackiw na 't Hooft mwaka 1984. Nunua njugu za karatasi iliyokunjwa koni kwa wachuuzi wa foleni ya Globe, Nairobi, ule, kisha uikunjue ile karatasi: ni bapa kabisa. Lakini ikiwa bado koni, njia 2 sambamba zinazopita pande 2 za ncha hukutana mbele, na hakuna aliyevutwa.

3. Vipimo 2? Tensa ya Einstein, upande wa mpindo wa milinganyo yake, ni sifuri kwa metriki (kanuni ya umbali) yoyote. Leta dilatoni, uga wa skala wa kuongezea, soma modeli ya Jackiw na Teitelboim.

4. Msiseme basi hakuna fizikia. Mwaka 1992 Bañados, Teitelboim na Zanelli walipata shimo jeusi humu humu kwenye vipimo 3, mradi konstanti ya kosmolojia iwe hasi. Mpindo wake ni uleule wa anti-de Sitter (anga-wakati lenye mpindo hasi usiobadilika) kila mahali; kinachotofautiana ni namna lilivyoungwa. Na mkitumia 8G=1, anti-de Sitter tupu ina tungamo M=−1, si M=0. Yule wa juzi wa ubaoni, rekebisha na hilo.