Hesabu mitupo yote, si ile iliyoingia tu

Juzi kijana mmoja anayefundisha timu ya kikapu ya vijana aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Mechi mbili zilizopita tumefunga pointi tatu nyingi mno. Naweza kusema sasa sisi ni timu ya kupiga kutoka mbali?" Nikamuuliza, mlirusha mingapi? Kesho yake ndipo akajibu kwamba hakuhesabu. Alikuwa ameandika ile iliyoingia peke yake.

Namjibu hapa kwa urefu, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi miaka mingi, na siku nilipolitambua liliniponza.

Nilikuwa kocha msaidizi wa timu ambayo sitaitaja. Takwimu zilikuwa kazi yangu. Nilichora uwanja kwa kalamu kwenye karatasi, na kila mtupo nikautilia nukta pale mchezaji aliposimama. Ukiingia, nazungushia duara. Ukikosa, naiacha nukta ilivyo. Macho yangu siku zote yalikimbilia maduara. Tukafika nusu fainali, tukafungwa. Usiku ule sikupata usingizi, nikaitandaza karatasi mezani na kuangalia nukta zote, zenye duara na zisizo nalo. Upande wa kulia, hatua moja tu ndani ya mstari wa pointi tatu (ule ambao ukirusha ukiwa nje yake, unapata tatu badala ya mbili), wino ulikuwa umerundikana mpaka karatasi imevimba. Chini ya kikapu palikuwa karibu peupe. Kona zote mbili, peupe kabisa. Sisi tuliojisifu msimu mzima kwamba tunakimbia na kuingia ndani, kumbe tulikuwa timu ya kusimama na kurusha kutoka umbali wa kati.

Asubuhi nikampelekea kocha mkuu. Akaitazama kidogo, akasema, "Mikono ilikuwa baridi jana," kisha akaiwekea chupa ya maji juu yake na kuendelea na mazungumzo mengine. Nikachomoa karatasi za mechi za nyuma, zile tulizoshinda. Picha ilikuwa ileile, ila mpira ulikuwa unaingia. Hakutaka kuziona. Msimu uliofuata sikuitwa tena. Sitasema haikuniuma.

Kijana wangu, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kuingia kwa mpira hubadilika usiku hadi usiku. Mahali timu inaporushia ni tabia yake, na tabia haibadiliki kirahisi. Watazame Houston Rockets, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wa msimu wa 2017-18 chini ya kocha Mike D'Antoni. Walikuwa timu ya kwanza katika historia ya NBA kurusha mitupo ya pointi tatu mingi kuliko ya pointi mbili katika msimu mzima, wastani wa takriban 42 kwa mechi. Tarehe 28 Mei 2018, mechi ya saba ya fainali ya kanda dhidi ya Golden State Warriors, walirusha 44, ikaingia 7 tu. Kati yake walikosa 27 mfululizo, wakatolewa. Aliyesoma iliyoingia alidhani ameona timu nyingine. Aliyesoma iliyorushwa aliwaona walewale, kwa sababu 44 na 42 ni kitu kimoja.

Na usidhani walirusha hivyo kwa ubishi. Mtupo wa pointi tatu unaoingia mmoja kati ya mitatu unakupa pointi moja kwa kila jaribio. Ule wa umbali wa kati lazima uingie mmoja kati ya miwili ndipo ulingane nao, na wachezaji wanaoweza hivyo usiku baada ya usiku ni wachache. NBA ilipouleta mstari wa pointi tatu msimu wa 1979-80, timu ilijaribu chini ya mara 3 kwa mechi. Msimu wa 2018-19 wastani ulikuwa 32. Mchezo mzima ulihama, na unauona kwenye majaribio kabla hujauona kwenye ubao wa matokeo.

Sasa, namna ya kusoma. Usichukue idadi tupu, chukua fungu lake katika mitupo yote. Timu inayorusha pointi tatu 20 katika mitupo 60 inategemea mbali kuliko inayorusha 20 hizo katika mitupo 90. Ya pili inakimbia zaidi tu. Igawe karatasi yako sehemu nne: chini ya kikapu, umbali wa kati, kona, na mbali kwingine. Inatosha.

Halafu kuna mtego ulioninasa muda mrefu. Mchezaji akichezewa rafu akiwa anarusha na mpira usiingie, mtupo ule hauandikwi kuwa jaribio. Anakwenda kwenye mitupo huru. Kwa hiyo timu inayovamia ndani kwa nguvu inaweza kuonekana kwenye karatasi kama haiingii ndani kabisa. Mimi sasa naweka alama ya msalaba pale rafu ilipotokea. Na ukitaka kujua kasi, hesabu umiliki wa mpira, yaani mara ngapi mlishambulia: mitupo yote isiyo huru, ongeza mitupo huru mara 0.44 (kwa kuwa si kila mtupo huru unamaliza shambulizi), toa ribaundi za kushambulia, yaani mipira mliyoidaka tena baada ya kukosa wenyewe, ongeza mipira mliyopoteza. Mipira mliyopoteza usiisahau, maana hiyo ni mashambulizi yaliyokufa bila mtupo, na nukta haziwezi kukuonyesha.

Fanya hivyohivyo kwa wapinzani, karatasi yao peke yake. Wanakorusha wao ndiko ulinzi wenu unakowaachia. Hilo nalisisitiza, kwa sababu makocha wengi hufoka ukingoni "tumewabana!" kwa kuwa tu mpinzani amekosa mitupo kumi akiwa peke yake kona. Hamkumbana, ndugu zangu. Alikosa.

Acheni kuwahukumu vijana kwa kuingia na kukosa. Mchezaji aliyepata mtupo mzuri akaukosa amefanya kazi yake, mpigieni makofi. Aliyerusha vibaya ukaingia, mwiteni pembeni. Timu ninayoifundisha sasa ilielewa hivyo polepole, kwa ugumu, na mwezi huu tumeshinda mechi ambayo kipindi cha kwanza hatukufunga karibu chochote kutoka mbali. Wakati wa mapumziko niliwaonyesha karatasi tu: nukta zilikuwa pale tulipokubaliana. Sikubadilisha kitu.

Kwa hiyo, kijana wangu, mechi mbili hazitoshi. Chora tano, zako na za wapinzani, kila nukta, kisha nitumie. Usizungushie maduara mpaka umemaliza kuzitazama.