Nimeshinda mnada, mbona ofisi ya ardhi imenirudisha?

SWALI: Shikamoo mama. Nafanya biashara ya ufuta hapa Mtama, Lindi. Mwezi uliopita nilishinda mnada wa ghala la kampuni inayofilisiwa. Hela yote nimeshalipa benki. Dalali alinipa stakabadhi na karatasi anayoiita cheti cha mauzo, lakini ofisi ya ardhi wamesema haitoshi. Sasa aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni anataka nimwongezee kidogo anisainie uhamisho. Nifanyeje?
Msomaji, Mtama

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mkurugenzi usimpe hata shilingi. Kampuni ikishakuwa mikononi mwa mfilisi, yaani aliyeteuliwa kukusanya na kuuza mali zake ili wadai walipwe, sahihi ya mkurugenzi haiuzi kitu. Na kama ufilisi umeamriwa na mahakama, mali itakayohamishwa baada ya ufilisi kuanza bila idhini ya mahakama, uhamisho wake ni batili. Utakuwa umelipa mara mbili na ghala huna.

Kinachokuchanganya ni hilo jina, cheti cha mauzo. Nyumba inapouzwa na mahakama kukazia hukumu, yaani ili aliyeshinda kesi alipwe, mnunuzi anatoa asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 15, kisha anasubiri wenye pingamizi. Mauzo yakithibitishwa, mahakama yenyewe inampa cheti. Lakini ghala lako limeuzwa na mfilisi, ambaye Sheria ya Makampuni ya 2002 inampa uwezo wa kuuza kwa mnada au kwa makubaliano, na kutia sahihi kwa jina la kampuni. Karatasi ya dalali inaonyesha kwamba ulishinda na ukalipa. Kinachokupa ghala ni hati ya uhamisho iliyosainiwa na mfilisi, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, anayetunza daftari la wamiliki wa ardhi.

Sisi wa kusini hili tunalijua kwenye korosho. Mnunuzi akishinda mnada hapakii gunia hata moja mpaka alipe na apewe hati ya kutoa mzigo ghalani. Kwenye ardhi tunasahau.

Nayasema haya kwa uchungu. Mjomba wangu alinunua jengo Nachingwea kwa njia hiyohiyo. Stakabadhi aliiweka kwenye mfuko wa nailoni, akaupachika nyuma ya kalenda ukutani, akaridhika. Miaka ikapita. Alipotaka kukopea lile jengo, wino ulikuwa umefifia, tarakimu za mwisho hazisomeki, ufilisi umeshafungwa na kampuni imevunjwa. Mfilisi tulimpata, mtu mwungwana tu, lakini hakuwa tena na mamlaka ya kusaini chochote. Nilimsindikiza mjomba masjala za Mtwara na Lindi mpaka viatu vikaisha.

Kwa hiyo nenda kwa mfilisi wiki hii. Kwanza mwombe nakala ya uteuzi wake: amri ya mahakama, au azimio la kampuni lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa makampuni. Ikiwa ufilisi uko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, uliza ni afisa gani ana jalada. Mwambie akuandalie uhamisho na akukabidhi hatimiliki halisi. Kivuli usikubali.

Hapa kaa macho: fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani. Benki yenye rehani haingojei foleni pamoja na wadai wengine wa kampuni. Ina haki juu ya ghala lenyewe. Rehani ikiwepo, dai hati ya kufuta rehani, maana bila hiyo umenunua na deni la mwenzako.

Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kuhusu kodi za TRA na malimbikizo ya pango la ardhi, soma masharti ya mnada yanasema nani analipa.

Tangazo la mnada nalo litunze. Sheria ya madalali inataka ardhi itangazwe siku 14 kabla ya kuuzwa, tena kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa. Kesho akizuka mtu kusema mnada ulifanyika kificho, tangazo hilo ndilo la kumwonyesha.

Ombi lako kwa mfilisi liandike barua, uipeleke mwenyewe. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, ukiwa umesimama hapohapo dirishani.