Zile Operesheni za Counter-Strike Zilikwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nacheza Counter-Strike, mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, hapa Ngamiani, Barabara ya Tisa. Wakubwa wananisimulia "operesheni" za zamani. Zilikuwa nini, na ramani zake (viwanja vya kuchezea) zilipotelea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Operesheni ilikuwa msimu: unalipia pasi, unafunguliwa ramani zilizochorwa na wachezaji wenzako, kisha baada ya miezi kadhaa zinaondolewa. Ya kwanza, Payback, ilitoka Aprili 2013, na wachora ramani walipata mgao wa mapato. Hilo nalipenda hadi leo, maana jasho la mtu lililipwa.

Mimi niliingia kwenye Breakout, Julai 2014, ndiyo iliyoleta misheni, yaani kazi za kukamilisha ndani ya mchezo. Nilikuwa nikicheza usiku wa manane, bando la usiku likianza, feni limeelekezwa kwenye kompyuta badala ya kwangu, kwa joto la Tanga hili! Sarafu yangu ya shaba, ile beji ya operesheni kwenye akaunti, ilipogeuka ya fedha nilimwamsha mdogo wangu aje aione.

Baada ya Hydra ya Mei 2017 tulikaa miaka miwili na nusu bila kitu, hadi Shattered Web, Novemba 2019. Riptide ya Septemba 2021, ya 11, ndiyo iliyofunga enzi ya Global Offensive, toleo la Counter-Strike lililokuwa na operesheni hizi.

Si ramani zote zilizopotea. Cache iliingia na Bravo mwaka 2013, ikapendwa, na mwaka uliofuata ikawa ya mashindano rasmi. Waombe hao wakubwa zako wakuoneshe sarafu zao. Hazifutiki kwenye akaunti.