Biskuti za siagi ya karanga za kukata na kupamba: shughulikia mafuta kwanza

Mdogo wangu unayeanza, kama umeshazoea biskuti za kukata maumbo, zile za siagi, sukari na vanila, usidhani za karanga ni hizo hizo zilizoongezwa vijiko viwili vya siagi ya karanga. Mimi nilidhani hivyo. Oda yangu ya kwanza ilikuwa nyota 60 za sherehe ya mtoto, hapa Dar es Salaam, katikati ya joto la Februari. Zilitoka kwenye oveni zimetanuka, pembe zimeyeyuka hadi nyota hazitambuliki. Nikazipamba usiku ule ule kwa aisingi nyeupe, nikitumaini pambo litaficha. Asubuhi nilikuta madoa ya rangi ya chai yamepenya kutoka chini. Mama wa mtoto nilimrudishia pesa yake yote, lakini mtoto alikuwa ameahidiwa nyota, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kutanuka na madoa, yote mawili yalisababishwa na mafuta. Karibu nusu ya uzito wa siagi ya karanga ni mafuta, na siagi ya maziwa ina asilimia 80 hivi. Ukiongeza ya kwanza bila kupunguza ya pili, unga unabebeshwa kuliko uwezo wake. Donge likipata joto, mafuta yanakimbia kabla biskuti haijakaza, na mengine yanabaki yakisubiri kupanda kwenye aisingi. Halafu karanga haina ile protini ya ngano inayovutana, kwa hiyo biskuti yake humeguka haraka. Biskuti za karanga za kawaida huviringwa, zikabonyezwa kwa uma na kuokwa hivyo hivyo, na umbo likiharibika kidogo hakuna anayelalamika. Wewe unataka samaki atoke samaki.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: siagi ya maziwa gramu 150, siagi ya karanga laini gramu 150, sukari gramu 150, yai 1, unga wa ngano gramu 360, konflawa (wanga wa mahindi) gramu 30, chumvi nusu kijiko cha chai na vanila kijiko kimoja cha chai. Utapata kama biskuti 35 za upana wa sentimita 6. Pima kwa mzani, tafadhali. Siagi ya karanga hung'ang'ania kikombe, na kinachobaki humo ni tofauti kati ya donge zuri na donge linalopasuka.

Bekingi pauda usitie, wala bekingi soda. Kazi yake ni kuumua, na kinachoumuka hupoteza kingo. Hakikisha pia unga wako si ule uliokwisha kuchanganywa bekingi pauda kiwandani. Wala usitumie majarini ya kupaka mkate mahali pa siagi. Najua bei ya siagi inatisha, lakini majarini nyingi za kopo zina maji mengi na hulainika upesi, na kwa kazi ya maumbo hilo litakurudisha kwenye nyota zangu 60.

Siagi ya karanga ya dukani iliyotengenezwa isitengane ndiyo rahisi kwa anayeanza, kwa sababu kila kopo hufanana na lililotangulia. Ladha ya karanga ulizokaanga na kusaga mwenyewe, hata hivyo, hakuna kopo linaloifikia, na mimi nimerudi huko. Ikoroge mpaka mafuta yaliyoelea yazame yote, iweke kwenye friji usiku mzima, kisha ndipo upime. Ukipima kabla ya kukoroga, leo utachota mafuta matupu na kesho utachota udongo mkavu.

Na ukisaga mwenyewe, chambua. Kaa chini na ungo, toa kila karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haimalizwi kwa kukaangwa wala kwa kuokwa. Joto la oveni zetu haliiwezi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga ni miongoni mwa mazao inayoyapenda zaidi. Biskuti hizi huliwa na watoto. Mimi karanga ninayoitilia shaka naitupa, hata kama ni robo ya mfuko.

Kuchanganya: saga siagi zote mbili na sukari mpaka zishikane tu, dakika moja au mbili. Usipige mpaka iwe nyeupe na nyepesi kama unavyofanya kwa keki, maana hewa hiyo itavimbisha biskuti na kuacha uso wenye mabonde. Tia yai na vanila, kisha unga, konflawa na chumvi kwa awamu mbili. Donge litakuwa laini, halinati mkononi, linanukia mpaka jirani aulize.

Sasa usiliweke kwenye friji likiwa bonge. Bonge la baridi litakushinda, litapasuka pembeni kila ukilisukuma. Ligawe mara mbili, weka kila kipande katikati ya karatasi mbili za kuokea, lisukume kwa kifimbo cha chapati likiwa bado laini mpaka unene wa milimita 6. Mimi huweka rula mbili za mbao za unene huo kushoto na kulia, kifimbo kikatembea juu yake. Ukisukuma jembamba zaidi, biskuti itavunjika mkononi mwako wakati wa kupamba. Ndipo uviweke vipande hivyo, na karatasi zake, kwenye friji kwa saa nzima.

Kata likiwa baridi. Chagua maumbo manene: moyo, nyota fupi, samaki, herufi pana. Twiga mwache kwanza, shingo yake itakatika kabla hujafika kwenye madoa. Panga kwenye trei, rudisha trei kwenye friza dakika 15, halafu moja kwa moja kwenye oveni iliyokwisha kupata joto la nyuzi 175. Dakika 10 hadi 12 zinatosha. Geuza trei katikati ya muda, kwani oveni zetu nyingi huunguza upande wa nyuma. Toa kingo zikianza tu kubadilika rangi. Katikati patakuwa laini bado, usiguse kwa dakika 10. Ukishika biskuti ya karanga ikiwa moto, utabaki na ungaunga.

Hatua inayofuata ndiyo iliyoniokoa, na ndiyo wengi huiruka kwa haraka ya oda: zilaze usiku mmoja kabla ya kupamba. Zikishapoa kabisa, zipange juu ya karatasi za kufutia jikoni, funika kwa karatasi nyingine juu. Asubuhi utaona duara la mafuta kwenye karatasi chini ya kila biskuti. Duara lile ndilo lingekuwa doa juu ya aisingi yako. Kwa hiyo mteja anayetaka Jumamosi, wewe oka Alhamisi, pamba Ijumaa asubuhi. Akija Ijumaa jioni na oda ya kesho yake, mkatalie kwa upole au mpe biskuti za vanila.

Aisingi yangu ni gramu 500 za sukari ya aisingi na ute wa mayai wa unga, ule wa maduka ya vifaa vya keki, kwa kipimo cha pakiti. Ute mbichi siutumii kwa biskuti za watoto, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Kwa mstari wa ukingoni iwe nzito kama dawa ya meno. Kwa kujaza katikati, ongeza maji tone kwa tone, pitisha kisu juu yake, uhesabu sekunde: alama ikifutika kati ya 12 na 15, iko tayari. Anza na rangi za maziwa, njano au kahawia, zinazopatana na karanga. Nyeupe tupu isubiri mpaka mkono uzoee.

Hewa ya pwani ina unyevu, aisingi haikauki kirahisi. Washa feni izipulizie kutoka karibu kwa saa moja ya kwanza, kisha ziache wazi usiku kucha. Usizitie friji, zitatoka jasho na rangi zitachanganyikana.

La mwisho halihusu umbo. Wapo watu ambao chembe ya karanga inaweza kuwafunga pumzi, na biskuti iliyopambwa haionyeshi ina nini ndani. Uliza kabla ya kupokea oda, andika KARANGA kwa herufi kubwa kwenye kila boksi, na usizipange trei moja na biskuti nyingine. Kwangu vikatio vya biskuti za karanga vina kopo lake lenye kifuniko chekundu, na oda ya shule siipokei mpaka nimeongea na mwalimu mwenyewe.