Asichomwe sindano kabla ya Dopla

Mkuu, ahirisha hiyo sindano ya Jumatatu. Unauliza hospitali ipi ni nafuu, mama ale nini na bima inalipa kiasi gani, wakati ultrasound imeonyesha kitu cha mviringo cha sentimita 3 jirani na ini lake na wanataka kukitoboa wachukue kipande cha nyama wakapime. Kuna aliyewasha Dopla, ile sehemu ya ultrasound inayoonyesha damu inavyotembea?

Shemeji yangu alipigwa CT bila dawa ya mshipani, ile inayoifanya mishipa ya damu ing'ae kwenye picha. Bila dawa, damu na nyama vyote vinatoka kijivu kilekile. Aliyesoma picha akaandika "uvimbe kwenye kichwa cha kongosho", nyumba nzima ikaanza kulia saratani. Sindano ilipoingia tu, bomba likajaa damu nyeusi. Akavujia ndani, presha ikaporomoka, akakimbizwa chumba cha upasuaji huku sisi tukihangaika kutafuta watu wa kumtolea damu. Kumbe ni vena porta imetuna, ule mshipa unaopeleka damu ya utumbo na bandama kwenye ini! Yule msomaji angeandika tu "sina uhakika, rudieni na dawa", shemeji asingepasuliwa. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Kwa kawaida upana wa vena porta hauzidi milimita 15, na kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, hufika 19. Ikituna sehemu moja ikapita 20, hiyo ni anurizimu. Ugonjwa wenyewe uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1956, na ni wa nadra kiasi kwamba madaktari wengi hawaufikirii kabisa. Wapo wanaozaliwa nao. Wengine huletewa na presha kubwa ndani ya mshipa huo, kwa sirosisi au kichocho cha tumbo, kwa hiyo kama mama amekulia kandokando ya Ziwa Victoria, daktari aambiwe.

Dopla kwanza, sindano baadaye. Ni dakika chache tu: damu ikizunguka mle ndani utaona nyekundu upande huu, bluu upande ule. Ikiwa imeganda, Dopla inaweza isionyeshe kitu, ndiyo maana inafuata CT yenye dawa, na sisitiza wapige pia picha za awamu ya vena, yaani dawa ikishafika kwenye vena, kama sekunde 70 baada ya kuingia.

Ikithibitika ni mshipa, haumuumi na haukui, mara nyingi hufuatiliwa kwa ultrasound tu. Upasuaji huja ukiganda, ukikua au ukibana njia ya nyongo.

Mpigie daktari leo hii, usingoje Jumatatu.