Demurrage: lijue hili neno kabla hujapewa faili la mteja

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uwakala wa forodha, hasa nyie mnaoingia bandarini Dar mwaka huu, kuna neno moja la Kiingereza naomba mlielewe mpaka mzizi wake kabla hamjashika faili la mtu. Demurrage. Sisi tunalitamka dimareji, wengine demareji, na ukilitamka harakaharaka kwenye simu mteja anasikia dameji, anaanza kupiga kelele nani kauangusha mzigo wangu, bima inasemaje, kumbe hakuna kilichovunjika, zimepita siku tu. Kwa hiyo ukiongea na mteja mgeni anza na "tozo ya kontena kukaa bandarini", jina lenyewe litafuata baadaye.

Sasa mzizi. Kilatini kuna neno mora, maana yake ni kukawia. Likazaa kitenzi demorari, Wafaransa wa zamani wakasema demorer, Waingereza wakalichukua na kulipachika mkia wa -age, ule ule ulioko kwenye storage, na kwenye biashara ya meli limekuwa likitumika tangu karne ya 17. Kifaransa cha leo demeurer ni kukaa au kuishi mahali. Hii itakusaidia, maana mizigo mingi ya transiti (inayopita tu kwenda nchi nyingine) pale Dar ni ya Congo, na mteja wa Lubumbashi akikutumia barua yenye kichwa mise en demeure usiipeleke kwa mhasibu ukidhani ni bili ya meli, hiyo ni notisi ya kukutaka utimize wajibu wako, ujue mtu kashachoka na wewe. Bili ya dimareji kwa Kifaransa inaitwa surestaries, neno tofauti kabisa.

Kuna ndugu yake mwingine anayenifurahisha, remora, yule samaki anayejibandika kwa papa, pwani tunamwita chazo. Wavuvi wetu wa zamani walikuwa wanamfunga kamba mkiani wanamwachia amfuate kasa, akishamng'ang'ania wanavuta. Warumi wao waliamini anaweza kusimamisha meli nzima, mwandishi wao Pliny kaandika kwamba ndiye aliyeizuia meli ya jemadari Antony kwenye vita vya Actium, mwaka 31 KK. Uongo mtupu, ila jina limetoka kwenye mora hiyo hiyo, kuchelewesha meli.

Mnauliza haya yote ya nini wakati bosi anataka mzigo utoke. Ni kwa sababu ukishajua kwamba neno linazungumzia kukawiza, ukiletewa bili utajiuliza swali moja tu, aliyekawizwa hapa ni nani? Kontena lina mzigo na limekaa ndani ya bandari kupita siku za bure (zile ambazo hutozwi kitu), anayesubiri ni kampuni ya meli, anataka kontena lake, hiyo ndo dimareji. Umelitoa likaenda godauni kwa mteja au likavuka mpaka wa Tunduma na halijarudi tupu, ni yule yule wa meli anasubiri ila sasa inaitwa ditenshen (detention). Na kama tatizo ni eneo, yaani kontena limekalia ardhi ya bandari au ya bandari kavu, hiyo ni storeji na inalipwa kwa mwenye eneo. Dimareji na storeji zinaweza kutembea siku moja kwa kontena moja, na mteja ataona kama unamtoza mara mbili. Usimkasirikie, mweleze. Pia zipo kampuni za meli zinazounganisha dimareji na ditenshen zikawa hesabu moja, siku za bure ni zile zile ndani na nje, kwa hiyo soma tarifu (orodha ya tozo na masharti yake) ya kampuni husika na usikariri ya jana.

Hesabu nayo ina mtego wake. Chukua mfano wa kubuni, siku 7 za bure, halafu dola 20 kwa siku kwa siku 7 zinazofuata, baada ya hapo dola 40. Kontena limeshushwa tarehe 3, limetoka geti tarehe 19. Kama siku ya kushusha inahesabiwa, bure inaisha tarehe 9, kuanzia 10 mpaka 16 ni dola 140, 17 mpaka 19 ni dola 120, jumla 260. Kama hesabu inaanza kesho yake, unapata 220. Tofauti ya dola 40 kwa kontena moja, mteja akiwa na makontena 10 hiyo ni dola 400 zimelala kwenye mstari mmoja wa tarifu ambao hakuna aliyeusoma. Na Jumapili na Idi mara nyingi zinahesabiwa kama kawaida.

Wale mtakaoenda kwenye meli za kukodi, za ngano au mbolea, huko ndo maana ya asili ilipo. Mwenye meli anakupa muda wa kupakua, ukiuvuka unamlipa dimareji kwa kila siku, ukiwahi yeye ndo anakurudishia kitu kinachoitwa despatch, kwa mazoea nusu ya kiwango. Na wanasheria wa meli wana kanuni ya kwamba ukishaingia kwenye dimareji umeingia, mvua na sikukuu ambazo mwanzo zilisimamisha saa hazikuokoi tena, labda mkataba useme wazi.

Je, dimareji inaweza kutembea milele? Kuna kesi ya Uingereza, MSC (kampuni ya meli) dhidi ya Cottonex (aliyesafirisha mzigo), rufaa yake ilitolewa uamuzi 2016. Makontena 35 ya pamba yalikwama Chittagong, Bangladesh, baada ya bei ya pamba kuporomoka na mnunuzi kukataa mzigo. Kampuni ya meli ikadai dimareji ya zaidi ya dola milioni moja, mara kadhaa ya bei ya makontena yenyewe. Mahakama ikasema hapana, mkataba ukishakufa mita haiendelei kusoma. Lakini msiitumie hii kumtuliza mteja, kesi ile ilichukua miaka.

Ukikutana na demurrer usichanganye, hiyo ni ya mahakamani. Mzizi ni ule ule ila maana ni pingamizi la hoja ya kisheria, na wanasheria wetu wanaijua kwa sababu kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 ndiyo iliyofananisha pingamizi la awali na demurrer, mpaka leo inatajwa Kenya, Uganda na Tanzania.

Kingine, kontena tupu likirudi yadi dai karatasi ya intachenji (risiti ya kulipokea kontena) siku hiyo hiyo, ipige picha, itupie kwenye faili. Ditenshen inasimama kwa tarehe iliyogongwa pale, si kwa ile ambayo dereva alikupigia kusema "nimefika bosi, niko kwenye foleni".